Ngozi ya Mkwe

Obadia Mligo aliingia chumba cha kusomea ngozi kinyumenyume, kama mtu anayevuta gogo, ili macho yake yasikutane na macho ya mama mkwe wake. Mkewe Leokadia alimwongoza kwa kumshika mkanda. Alipofika katikati akasimama, akaukazia macho mlango alioingilia, akakohoa kwa adabu.

"Mwambie mama, shikamoo."

"Mama, Baba Tuzo anakuamkia."

"Mwambie marahaba," alisema Yusta Ngole, naye akiwa amegeukia dirisha. "Mwambie akae."

"Mwambie mama nashukuru, nitasimama."

"Ndiyo maana nikamwambia akae. Nilitaka kujua kama anaweza."

Daktari Haikaeli Msechu, aliyekuwa ameegemea meza ya chuma na kikombe cha uji mkononi, aliangalia mgongo mmoja, akaangalia wa pili.

"Samahani, jamani. Mnajua kwamba mko chumba kimoja?"

"Tunajua," walijibu wote wawili, kila mmoja kwa upande wake.

Haikaeli alikuwa mtu wa Upareni. Kwao nako wakwe huheshimiana, lakini hawageuziani migongo kama paka waliogombana. Lugendilo ni kwingine. Lugendilo, juu kabisa kwenye milima ya Njombe ambako ukungu hulala ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga, mkwe ni moto: unaota ukiwa mbali. Mama mkwe hali mbele ya mume wa binti yake. Halitaji jina lake. Hakalii kigoda alichokalia. Na habari za mwili wake hazina hata usemi, maana hakuna aliyewahi kuhitaji kuzisema.

"Mama," alisema Leokadia, "ule uvimbe umerudi."

"Ni kovu," Obadia aliuambia mlango.

"Kovu gani linalouma kukiwa na baridi? Usiku anang'ata shuka, daktari. Asubuhi ya sakitu hawezi kuvaa suruali. Ulianza kama punje ya hindi, nyuma ya paja huku juu kabisa, pale... pale. Akateremka bondeni kwa siri wakamkata, wakasema ni uvimbe wa mafuta. Sasa ni yai la kanga."

Yusta hakugeuka. Alijua sababu ya mkwewe kuteremka bondeni, kukodi kiberenge kinachoning'inia kwenye waya na kukatwa na watu wasiomjua. Hapa Lugendilo, anayesoma ngozi ni yeye Yusta.

Haikaeli aliweka kikombe chini. "Baba Tuzo, sikiliza, hata kama hutaki kunitazama. Chini ya kila unywele wa mwili wako kuna kamsuli kadogo. Baridi ikija kanavuta, unywele unasimama. Hofu ikija, vivyo hivyo. Wimbo wa msiba pia. Hukaamuru wewe. Ni msuli laini, wa ukoo mmoja na ile ya tumbo na ya mishipa ya damu, inayofanya kazi bila kuomba ruhusa. Sasa, mara chache sana, kamoja kanaasi. Kanazaa, na wanawe wanazaa. Hiyo ni saratani. Ni adimu kiasi kwamba madaktari wengi wanazeeka hawajaiona. Bondeni nao hawakuijua, wakakwangua juu juu wakakushonea mizizi ndani."

"Lakini sindano uliyonichoma ilisema ni kovu."

"Sindano huonja pahali pamoja tu, na imeonja kovu. Nitachoma tena, safari hii nitakulaza usingizi nichome ndani zaidi. Ila sindano haitaniambia kitu hiki kimeishia wapi. Kama bado kiko ndani ya ngozi, nakata kwa upana, unarudi kulima viazi vyako. Kikishuka kwenye mafuta ya chini kinapata njia ya damu, na damu inakipeleka mapafuni. Hapo sina la kukufanyia. Nahitaji kitambaa kikusome."

Kitambaa kilining'inia ndani ya mtungi wake wa kioo, cha kijivu, kimelowa, kikipanda na kushuka taratibu kama ubavu wa mnyama aliyelala.

"Na kitambaa kinatii kiganja cha nani?" aliuliza Obadia, ingawa wilaya nzima ilijua.

Yusta alitazama kiganja chake cha kulia, akakificha chini ya kanga.

"Mwambie mama simdharau," alisema Obadia kwa sauti ya chini. "Ni mama yangu aliyenipa mke. Kuchomwa sindano nakubali. Lakini kuvua nguo mbele yake, aniwekee mkono? Afadhali udongo."

Akatoka. Safari hii alitembea kwenda mbele, kwa kuwa mlango ulikuwa mbele yake.

*

Watu wa siku hizi wakikiona kitambaa wanadhani kiliota pale kama uyoga. Hawaulizi kilikotoka. Yusta hakuwahi kuacha kuuliza, na kwa sababu hiyo alichukiwa na wengi kabla ya kupendwa.

Kitambaa cha kwanza kililetwa na Kampuni, ile ambayo baraza liliapa kutolitaja jina lake. Ilikuja na kambi ya macho, bure, na wazee wakapanga mstari. Mama yake Yusta aliingia kutolewa mtoto wa jicho, akalazwa usingizi. Jicho lilitibiwa, na la kweli lazima lisemwe. Lakini usingizi ulirefushwa, na wakati amelala walimvua nguo, wakamfunika kitambaa kutoka utosini hadi kwenye nyayo, wakampulizia baridi, wakamsikilizisha mlio wa watoto wanaolia, wakasoma kila unywele ulivyosimama. Walifanya hivyo kwa mlima mzima. Hakuna aliyejua.

Yusta alikuja kujua akiwa msichana, amekwenda mjini kuuza parachichi. Dukani kulikuwa na mashati ambayo vijana walivaa kwenda kucheza muziki. Ukilivaa, mwili unakusisimka msisimko wa mtu mwingine. Halisi, walisema wauzaji, si wa kutengenezwa, umevunwa milimani. Alipitisha mkono kwenye shati moja la bluu. Nywele zikasimama kuanzia kifundo cha mkono hadi bega, kwa mawimbi, kisha zikakwama shingoni. Mama yake ndiye aliyesisimka hivyo. Ndivyo alivyosisimka usiku ule ghala lilipoungua, Yusta akiwa mgongoni mwake. Hofu ya mama yake ilikuwa inauzwa, na mtoto wa watu alikuwa anaijaribu mbele ya kioo akicheka.

Shule alikuwa ameiachia njiani. Sheria alijifunza kwa kusimama nje ya dirisha la mahakama, na mahali asipoelewa aliuliza mpaka mawakili wakamkimbia. Akazunguka kijiji kwa kijiji. Aliwaambia watu kwamba anayesahau huibiwa mara mbili, na mara ya pili humfungulia mwizi mlango. Ilichukua ujana wake wote. Mwishowe Kampuni iliondoka, kitambaa kikabaki mali ya baraza, na sheria ikapigiwa kura: hasomwi mtu ila kwa ndiyo yake mwenyewe, akiwa macho, kwa sauti yake. Na kitambaa kitatii kiganja kimoja tu cha mtu wa mlimani.

Kimoja. Wengine walitaka viwili. Yusta ndiye aliyesimama akapinga: ukitengeneza funguo mbili, siku moja mmoja utauzwa. Wakampigia makofi, wakampa yeye. Kitambaa huhitaji masika mazima kuzoea kiganja kipya. Mwili wa Obadia haukuwa na masika ya kusubiri.

"Tunaweza kuwafungulia kitambaa watu wa hospitali ya bondeni," Haikaeli alimwambia jioni ile walipobaki wawili. "Wasome wao kwa mbali. Mkono wa mgeni hautamwaibisha."

"Wakifunguliwa wanaona ngozi ya Baba Tuzo tu?"

Daktari alisita. "Wanaona zote kilizowahi kusoma. Kitambaa hakijui kugawa."

"Basi umenijibu."

"Mama Leokadia, yule ni mkwe wako."

"Na wale wengine ni wakwe wa nani?"

Alijivunia jibu hilo kwa muda wa kuvuka uwanja tu. Leokadia alikuwa anamsubiri kwenye ngazi, amejikunja, kanga imemfunika kichwa.

"Kesho daktari anamlaza usingizi wa sindano," alisema bila kuinua uso. "Atakuwa hajui lolote."

Yusta alielewa mara moja. Alitamani asingeelewa.

"Leokadia. Unajua unachoniomba?"

"Najua hadithi ya bibi, mama. Nimelelewa nayo kuliko nilivyolelewa na uji. Lakini wale walikuwa wezi. Wewe ni mama yangu. Ni kitambaa tu, kidogo, kisha unakiondoa. Unataka nimzike kwa heshima? Utakuja msibani ugeuze mgongo, useme mwambieni marehemu pole?"

Kauli hiyo ilimkaa Yusta kifuani kama mwiba wa samaki. Alitaka kukasirika. Hasira alikuwa nayo tele siku zote, lakini safari hii aliitafuta akaikosa.

*

Haikaeli alichomoa sindano yake kwa Obadia aliyelala, akakifunga kipande cha nyama kwenye kichupa, akavua glavu.

"Nakwenda kuosha mikono," alisema. Alimtazama Yusta, akautazama mtungi wa kioo. "Huwa naosha taratibu. Dawa hii hulegeza misuli ile, lakini dakika za mwanzo misuli bado ina nguvu. Kuona inatosha. Kuongozea kisu haitoshi. Siku ya kukata lazima awe macho." Akatoka.

Leokadia alishika mlango.

Yusta alitia kiganja kwenye mtungi. Kitambaa kilimjua, kikapanda mkononi mwake kama mtoto wa paka. Obadia alilala kifudifudi. Daktari alikuwa amemfunika shuka pote isipokuwa pale. Yusta alikuwa amejiambia kwamba atatazama kwa jicho la kazi. Amesoma ngozi za wanaume wengi, vijana kwa wazee, na hajawahi kuona haya. Sasa alitazama kando kama msichana, na mkono wake ulikwenda wenyewe mahali ambapo mkono wa mama mkwe haujawahi kwenda tangu mlima huu uwepo.

Kitambaa kikajilaza, kikatoa baridi.

Msomaji husoma kwa ngozi yake mwenyewe, na hilo ndilo wageni hawakulielewa. Nywele za paja la Obadia zilisimama, na kwenye mkono wa Yusta zikasimama vilevile, unywele kwa unywele, kama askari na kivuli chake. Baridi ikakatwa. Misuli yenye afya ikaachia, safu kwa safu. Pale kwenye uvimbe haikuachia. Ilibaki imekaza kama ngumi, na ngumi ile ilikuwa na vidole: kimoja kimekwenda kulia chini ya kovu, kimoja kifupi kuelekea mgongoni, na kimoja kimeshuka. Yusta alifumba macho akakifuata kile kilichoshuka. Kilipita ngozi ya juu, kikapita ya chini, kikagusa mafuta. Kiligusa tu. Kilikuwa bado hakijaingia.

Kwa hiyo alikuwa wa kupona. Angalau leo.

Akaondoa mkono haraka, lakini msisimko haukuondoka. Ulipanda hadi bega, kwa mawimbi, ukakwama shingoni. Mwili wa Obadia uliolala ulikuwa umeogopa. Akili haikujua lolote, na ngozi ilikuwa imejua yote, ikapiga kelele kwa njia pekee iliyokuwa nayo. Yusta aliijua kelele hiyo. Alikuwa ameigusa dukani, kwenye shati la bluu.

Alikaa sakafuni. Leokadia aliuliza, "Mama, ipo? Mama, ni mbaya?" Yusta alivuta kanga akaufunika mkono uliosisimka.

*

Obadia alipoamka aliwakuta wote watatu. Alipoona sura ya mama mkwe wake imemwelekea, alivuta shuka hadi kidevuni na kugeukia ukuta.

"Leokadia," alisema Yusta, "mwambie mume wako..."

"Hapana," Leokadia alikuwa analia. "Hili simwambii mimi. Mwambie mwenyewe."

Haikaeli alifungua mdomo. Yusta alimzuia kwa mkono.

"Obadia." Jina lilitoka kavu, hakuwahi kulitamka. "Una saratani ya ule msuli. Imegusa mafuta, haijaingia. Ukikatwa wiki hii kuna tumaini kubwa. Nimejua kwa sababu nimekusoma ukiwa umelala."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Kwa mkono wako?" Obadia aliuuliza ukuta.

"Kwa mkono wangu."

"Na wewe, Leokadia? Ulikuwepo?"

"Nilishika mlango."

Mabega yake yalitikisika, na Yusta akadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kibaya cha kukwaruza. "Tangu nimeoa kwenu nasikia hotuba moja. Harusini kwangu ilisemwa. Siku ya kumpa Tuzo jina ikasemwa. Mtu asisomwe amelala! Nikawa naona fahari, nikasema mkwe wangu ni simba wa mlima huu." Akanyamaza. "Na nikikataa kukatwa?"

"Nitakuheshimu."

"Aa. Sasa ndiyo utaniheshimu."

Yusta alikuwa amejibizana na mawakili wa Kampuni hadi wakatoka jasho. Sasa alisimama tu, mikono inaning'inia, uso unawaka kama umemwagiwa maji ya moto.

"Nina watoto," alisema Obadia. "Kateni. Lakini sikilizeni vizuri, wote watatu: nakubali, sijasamehe. Hayo ni mambo mawili, msije mkayachanganya baadaye kwenye maombi yenu."

Alikatwa akiwa macho, amekufa ganzi kuanzia kiunoni kushuka, na kiganja cha Yusta juu ya kitambaa, safari hii kwa ruhusa. Haikaeli alikata kwa upana, kisha safu kwa safu, na kila safu kitambaa kilitoa baridi na Yusta alisema bado, kulia bado, chini bado. Daktari alishuka hadi kwenye utando wa nyama. Hakuna aliyefanya mzaha. Mwishowe nywele zilizouzunguka mduara wote zilisimama pamoja na kulala pamoja, na mkono wa Yusta ukatulia. Picha ya mapafu ilitoka haina doa. Daktari akasema atampima tena na tena kwa miaka, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kurudi mahali ulipokaa. Ila kwa sasa, safi.

*

Baraza lilikutana mchana, kwenye uwanja wa ghala la viazi. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo. Yusta aliomba nafasi ya kwanza. Wenzake wa zamani wa mapambano walijisogeza mbele, walipenda akiongea.

Hakuhutubia. Alieleza alichofanya, kwa nani, na nani alishika mlango, na kwamba daktari alikwenda kuosha mikono. Hakusema kwa nini. Alikuwa ameamua njiani kwamba sababu hataitaja, maana Kampuni nayo ilikuwa na sababu, tena nzuri, zenye jicho la mama yake ndani. Akamaliza kwa kusema ameivunja sheria aliyoitunga, baraza limfanye linavyoona.

Alisubiri kama mtu anayesubiri mawe.

Mzee Lupumuko, mwenyekiti, alikohoa, akamwamkia kwa lugha ya mlimani. "Kamwene, mama yetu. Tumekusikia. Lakini mtu yu hai, sivyo?"

"Yu hai."

"Basi, jamani, tumpige mtu anayeokoa?"

Makofi yakaanza nyuma, yakaja mbele. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Yusta alisimama katikati ya makofi na kuona haya kuliko alivyoona chumbani, kwa kuwa kule aibu ilikuwa yake peke yake.

Kisha dada mmoja wa upande wa kisimani, mwenye mtoto mgongoni, akanyoosha mkono.

"Mama, baba yangu ana kitu begani, kinauma na baridi. Amekataa kabisa kusomwa, ni mbishi. Lakini akishakula mchana hulala kama gogo. Nauliza tu, unaweza kuja lini?"

"Na mume wangu," mwingine akadakia. "Huyo hata dawa hahitaji. Mpe ulanzi tu alewe!"

Uwanja ukaangua kicheko. Kilikuwa kicheko chema, cha watu wanaopendana, na Yusta aliwatazama mmoja mmoja, watoto wa watu waliokuwa wamelazwa usingizi kwenye kambi ya macho. Hakuona uso hata mmoja wenye ubaya.

"Naomba kusema."

Obadia alikuwa amesimama pembeni, ameegemea fimbo, kwa sababu kukaa bado hakuwezi. "Naomba baraza limvue ufunguo. Leo. Kitambaa kifundishwe kiganja kingine, viwili, hata vitatu, ili siku nyingine mtu apate wa kumkubali."

"He! Mkwe gani huyu?"

"Angekuwa anasema akiwa udongoni!"

"Hana shukrani, Mligo! Tena na masika haya tukae bila kitambaa?"

"Niliulizwa na mtu?" Obadia alipaza sauti, ikapasuka. "Mnasema nimeokolewa. Ndiyo, nimeokolewa. Niliulizwa?"

Wakamzomea. Leokadia aliinamisha kichwa magotini. Mwenyekiti aligonga meza, akasema hoja ni hoja hata ikiwa chungu, wanaotaka Mama Leokadia avuliwe ufunguo wanyooshe mikono.

Ulinyooshwa mmoja. Obadia aliuinua juu na kuuacha hapo, mwingine umeshikilia fimbo, macho mbele, na kelele za kuzomea zikimpiga usoni.

Yusta alitoka katikati ya uwanja, akapita mbele ya wenzake wa zamani, akaenda kusimama kando yake. Akanyoosha wake.

Kelele zikakatika. Mzee Lupumuko alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, hujaelewa. Hii ni kura ya kukuvua wewe."

"Hesabu," alisema Yusta.